Kitunguu saumu kipandwe lini? Mwongozo kamili wa kuchagua msimu katika bustani ya nyumbani

Miaka michache iliyopita niling'oa tuta zima la vitunguu saumu nililokuwa nimelihudumia kwa miezi mitano. Majani yalikuwa marefu, ya kijani iliyokolea. Yeyote aliyepita alisema hapa mavuno yapo. Kila nilichong'oa kilikuwa donge moja la mviringo, gumu, lisilo na punje hata moja ya kubandua. Samadi ilikuwa imeiva, maji hayakukosekana, na magugu niliyapalilia kila wiki. Nilikosea tarehe tu. Nilipanda wakati baridi imeshapita, na mimea ile haikuonja ubaridi hata wiki moja tangu ichipue hadi niing'oe.

Tangu hapo nachagua msimu kabla sijagusa jembe, na kazi hiyo naipa muda kuliko kuandaa tuta. Mbolea iliyopungua unaweza kuiongeza, na magugu yaliyokuzidi unaweza kuyang'oa. Msimu ukikupita, hakuna dawa ya kuurudisha.

Mmea huu unasubiri nini

Asili ya kitunguu saumu ni milima ya Asia ya Kati, kwenye safu za Tian Shan na majirani zake. Huko theluji hukaa miezi kadhaa, kisha joto hupanda haraka, kisha hufuata kiangazi kikavu. Zao hili limelimwa maelfu ya miaka na kusambaa dunia nzima, lakini bado linadai vitu vile vile kwa mpangilio ule ule: baridi kwanza, halafu mwanga mwingi na joto linalopanda, mwisho ukavu. Karibu aina zote tunazolima hazitoi mbegu za kuotesha. Tunapanda punje, yaani kipande cha mmea ule ule wa msimu uliopita, pamoja na mazoea yake yote.

Baridi ndiyo inayouamuru mmea ugawanyike. Punje au mche mchanga ukipitia wiki sita hadi nane za ubaridi kati ya nyuzi 0 na 10 za Selsiasi, ndani yake hutengenezwa vichipukizi vitakavyokuja kuwa punje mpya. Aina zilizozoea nchi za joto huridhika na ubaridi mdogo zaidi, lakini hata hizo hufanya vizuri zaidi zikiupata. Mmea usiopata ubaridi huota na kustawi, kisha hujikusanya kuwa lile donge moja nililolisema.

Baada ya baridi huja urefu wa siku. Kwenye ikweta mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima. Kwenye latitudo 30 huwa kati ya saa 10 na 14, na kwenye latitudo 50 kati ya saa 8 na 16 na ushee. Mchana unaporefuka na udongo kupata joto, mmea huacha kutoa majani na kuanza kujaza kichwa. Ndiyo maana aina iliyotoka mbali na ikweta, ikipandwa karibu na ikweta, huweza kubaki majani tu: inangoja mchana mrefu usiokuja.

Jambo la tatu ndilo wengi hawaambiwi, nalo ndilo lenye uzito zaidi katika kuchagua tarehe. Chukua kichwa cha kitunguu saumu ukimenye ngozi moja moja. Kila ngozi ya nje unayoibandua lilikuwa shina la jani moja. Mmea wenye majani kumi utatoa kichwa kikubwa kilichofungwa vizuri. Wenye majani matano utatoa kichwa kidogo chenye ngozi nyembamba, kisichokaa ghalani. Mmea ukishaanza kujaza kichwa hauongezi majani tena. Na kwa kuwa amri ya kujaza kichwa inatoka angani na udongoni, huja kwa wakati wake, uwe umepanda mapema au umechelewa. Aliyewahi anakutwa na majani kumi, aliyechelewa anakutwa na majani matano.

Hatua ya kwanza: jua baridi yako ni ya namna gani

Usianze na majina ya miezi. Mwezi Oktoba ni mwanzo wa baridi kwa mmoja na mwanzo wa joto kwa mwingine. Anza na kile kinachotokea nje ya mlango wako, na ukiweza nunua kipimajoto cha udongo. Ni kifaa kidogo kinachochomekwa sentimita 10 ardhini. Usipokuwa nacho, andika joto la usiku kwa mwaka mmoja, au waulize wenye kulima jirani nawe ni miezi gani majani ya mboga hukua polepole kwa ubaridi.

Kama ardhi yako huganda au hupata jalidi nzito, unapanda kabla ya baridi. Lengo ni wiki nne hadi sita kabla ya udongo kuganda, udongo ukiwa umeshuka karibu na nyuzi 10. Muda huo unatosha mizizi kushika, huku majani yakichungulia kidogo au yasitokeze kabisa. Kaskazini mwa ikweta hii huangukia kati ya Septemba na Novemba. Kusini mwa ikweta ni kati ya Machi na Juni. Ukiwahi mno, majani hurefuka na kuunguzwa na jalidi. Ukichelewa mno, punje hukaa bila mizizi, na ardhi inapoganda na kuyeyuka huzisukuma juu kama meno.

Kama baridi yako ni ya wastani, haigandishi ila usiku hushuka chini ya nyuzi 10, uko mahali pazuri kuliko wote. Panda joto la mchana linapoanza kulegea, nawe unao muda mrefu wa kuchagua, hata miezi miwili. Mimi ningechagua nusu ya kwanza ya muda huo kwa sababu ya hesabu ya majani.

Kama uko karibu na ikweta, mwinuko ndio unaokuamulia. Kila mita 1,000 unazopanda juu, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Bustani iliyo juu ya mita 1,500 huwa na miezi ambayo usiku wake unatosha aina nyingi za nchi za joto. Bustani ya mwambao haina. Hapo juu tafuta miezi ambayo mchana hauzidi nyuzi 25 na usiku unashuka chini ya 15, na upande miezi hiyo inapoingia. Walio bondeni wasikate tamaa. Kuna njia ya jokofu, nitaifikia.

Hatua ya pili: hesabu ukirudi nyuma kutoka siku ya kuvuna

Hapa ndipo watu wa maeneo yasiyo na theluji hukosea zaidi. Wanapanda mvua inaponyesha kwa kuwa ndivyo mazao mengine yapandwavyo. Kitunguu saumu kinahitaji unyevu mwanzoni na katikati, lakini wiki mbili hadi tatu za mwisho kinataka udongo ukauke, na baada ya kung'olewa kinataka wiki mbili hadi nne za hewa kavu. Mvua ikikikuta kimekomaa, ngozi huwa nyeusi, hupasuka, na punje huanza kuoza zikiwa bado ardhini.

Kwa hiyo shika kalenda uanzie mwisho. Tuseme mvua zako hukatika mwishoni mwa Mei na kurudi katikati ya Novemba, na miezi yako ya baridi ni Juni hadi Agosti. Ondoa wiki tatu za kukausha: unafika karibu Oktoba 25. Ondoa siku kumi za tahadhari, kwa kuwa mvua haina miadi: Oktoba 15. Aina yako inakomaa kwa miezi mitano? Rudi nyuma miezi mitano: Mei 15. Hiyo ndiyo tarehe yako ya kupanda, na angalia ilivyojipanga: punje zinaota kwa mvua za mwisho, mimea michanga inaingia moja kwa moja kwenye baridi, vichwa vinajaa joto linaporudi, na unavuna ardhi ikiwa kavu. Katikati hapo utamwagilia mwenyewe, na ni afadhali hivyo, maana maji unayoyamwaga wewe unaweza kuyakata siku unayotaka.

Muda wa kukomaa hutofautiana sana. Kilichopandwa kabla ya baridi kali huchukua miezi minane hadi tisa, kwa sababu sehemu ya muda huo kinalala. Kwenye nchi za joto ni miezi minne hadi sita. Muulize aliyekupa mbegu, yaani punje za kupanda.

Hesabu ikikuonyesha kwamba tarehe inayofaa kwa ukavu haifai kwa baridi, chagua baridi. Mvua ya mwishoni unaweza kuizuia kwa turubai juu ya fito. Baridi huwezi kuileta shambani.

Hatua ya tatu: aina ifuate msimu ulionao

Kuna makundi mawili makubwa. Lenye shingo ngumu hutoa bua gumu katikati na punje chache kubwa zilizopangwa duara moja. Hili linataka baridi ya kweli. Lenye shingo laini halina bua, punje zake ni nyingi na ndogo ndogo kuelekea katikati, linavumilia majira ya joto na hukaa ghalani muda mrefu zaidi. Kama una shaka na baridi yako, chukua shingo laini. Njia ya hakika kuliko zote ni kupata mbegu kwa mtu aliyeilima mahali penye hali kama ya kwako kwa misimu miwili au mitatu.

Vitunguu vya kula vilivyosafiri kutoka mbali sivipendekezi kwa mbegu. Huenda vimetibiwa visichipue, huenda vilizoea mchana wa saa 15, na huenda vimebeba minyoo midogo ya mimea au ukungu. Kuna ukungu mmoja mweupe unaoozesha kitako cha kitunguu ambao ukiingia ardhini hudumu zaidi ya miaka 20.

Hatua ya nne: hakikisha punje imeamka

Kitunguu saumu kilichovunwa karibuni hulala. Ukikipanda siku hiyo hiyo, kitakaa ardhini wiki nyingi bila kuota, na udongo ukiwa na joto na unyevu kitaoza. Kwa hiyo hata tarehe ikiwa sahihi, mbegu yenyewe lazima iwe tayari.

Jaribio ni la dakika moja. Chukua punje moja, ipasue kwa urefu kutoka kichwani hadi kitakoni kwa kisu chenye makali. Katikati utaona kichipukizi, mwanzoni cheupe kisha cha kijani mpauko. Kikiwa chini ya nusu ya urefu wa punje, bado imelala, ngoja. Kikiwa kimepita nusu na kukaribia theluthi mbili, imeamka. Panda wiki hiyo. Kikiwa kimetokeza nje ya ncha, panda leo. Mimi hupasua punje tatu kutoka vichwa tofauti, kwa sababu moja inaweza kudanganya.

Wasio na baridi ya kutosha wanatumia hatua hii hii kuileta kwa jokofu. Weka vichwa vizima, visivyomenywa, kwenye mfuko wa karatasi au wa wavu, uviweke kwenye jokofu la kawaida, si kwenye sehemu ya kugandisha, kwa wiki sita hadi nane. Mfuko wa plastiki uliofungwa hukusanya unyevu na kuleta ukungu. Kagua kila wiki na utoe kinachooza. Siku ya kuvitoa, tuta liwe tayari: bandua punje, panda siku hiyo au kesho yake. Punje iliyopozwa kisha ikaachwa kwenye joto siku nyingi hupoteza sehemu ya kazi yote ile, nawe unarudi kwenye donge moja. Hesabu wiki hizi za jokofu pia kurudi nyuma: kama tarehe yako ya kupanda ni Mei 15, vichwa viingie katikati ya Machi.

Hatua ya tano: panda kwa njia inayolingana na msimu

Tuta liwe mahali penye jua angalau saa sita, udongo unaopitisha maji, usiotumika kwa vitunguu vya aina yoyote wala liki kwa miaka mitatu au minne. Changanya mboji au samadi iliyoiva vizuri. Udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6 na 7 unafaa.

Bandua punje siku ya kupanda, bila kuondoa ganda lake. Chagua kubwa, kwa kuwa punje kubwa huleta kichwa kikubwa. Zile nyembamba za katikati zirudishe jikoni. Kitako chini, ncha juu. Nafasi ni sentimita 10 hadi 15 kati ya punje, na 20 hadi 30 kati ya mistari. Kina kinategemea baridi: pasipoganda, sentimita 3 hadi 5 za udongo juu ya ncha, panapoganda, 7 au zaidi. Kisha tandaza majani makavu au nyasi zisizo na mbegu. Kwenye baridi kali matandazo yanaizuia ardhi isigande na kuyeyuka kila mara. Kwenye joto yanaupoza udongo, na kwa bustani za karibu na ikweta sioni namna ya kuyakosa.

Kama huna uhakika na tarehe, na mwaka wa kwanza hakuna mwenye uhakika, usipande zote siku moja. Gawa mbegu mafungu matatu. La kwanza lipande wiki mbili kabla ya tarehe uliyohesabu, la pili siku yenyewe, la tatu wiki mbili baadaye. Chomeka kijiti chenye tarehe mwanzoni mwa kila fungu, kwa wino usiofutika na mvua. Msimu mmoja wa namna hii umenifundisha kuhusu bustani yangu kuliko kalenda zote nilizopewa.

Ukiwa umeshachelewa

Una njia mbili. Mahali penye baridi kali, unaweza kupanda mara tu ardhi inapoyeyuka na kulimika, ukitumia shingo laini au punje zilizokaa kwenye jokofu. Vichwa vitakuwa vidogo, lakini vitagawanyika. Mahali pa joto, afadhali ungoje msimu ujao, na wakati huo huo panda punje chache zikaribiane ukate majani mabichi ya kula.

Madonge ambayo hayakugawanyika usiyatupe. Yakaushe, yahifadhi, yapande msimu unaofuata kwa tarehe sahihi, kila moja kama punje kubwa. Yale ya tuta langu nililoanza nalo niliyafanyia hivyo, na yalitoa vichwa vizuri vyenye punje kamili.

Wakati mmea unakua

Mwagilia udongo ubaki na unyevu bila kutuama, palilia kwa mkono kwa kuwa mizizi iko juu, na mbolea yenye naitrojeni itumike mapema tu. Ukiendelea kuiweka wakati vichwa vinajaa, mmea utatoa machipukizi ya pembeni kama ufagio na kichwa kitaharibika. Aina ya shingo ngumu ikitoa bua linalojikunja, likate ili nguvu irudi chini.

Majani ya chini yakianza kukauka, chimba mmea mmoja wa kupima na ukate kichwa chake katikati kwa upana. Punje ziwe zimejaa ngozi zao na zimeanza kuachana na bua. Zikiwa bado zimeshikana kama kitu kimoja, ngoja wiki. Theluthi hadi nusu ya majani ikikauka, huku mengine matano au sita yakiwa bado ya kijani, kata maji na ujiandae kuvuna. Ng'oa kwa uma wa bustani, usivute shingo, na uanike kivulini penye upepo.

Kusoma mavuno ili kurekebisha tarehe

Kabla hujavifunga na kuvitundika, pitia kila fungu kati ya yale matatu. Donge moja bila punje: baridi ilikosekana, mwakani panda mapema zaidi au ongeza wiki za jokofu. Vichwa vidogo lakini vyenye punje kamili: majani yalikuwa machache amri ilipofika, nawe wahi kwa wiki mbili au tatu. Machipukizi mengi ya pembeni: kama naitrojeni haikuzidi, baridi ilikuwa nyingi kupita haja ya aina yako, kwa hiyo punguza wiki za jokofu au chelewesha tarehe. Ngozi nyeusi na kuoza: mvua ilikuwahi, hesabu ya kurudi nyuma ilikuwa na siku chache mno za tahadhari. Vichwa vilivyofunguka kama ua: msimu ulikuwa sawa, ila uling'oa umechelewa.

Andika matokeo hayo pamoja na tarehe ya kupanda kwenye kipande cha karatasi, na ukifunge kwenye kishada cha vichwa vikubwa unavyovihifadhi kwa mbegu, ili siku utakayovibandua punje uvikute pamoja.